Bibi Shamba Anajibu: Maua ya bluu kwenye jua la Dodoma

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za kitu kimoja, kile kichaka cha maua ya bluu ambacho vijana wa vitalu wanakiita plambago, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Naanza na ya Nzuguni maana ndo ndefu na ndo iliyonigusa zaidi.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumehamia Dodoma mwaka juzi baada ya ofisi ya mume wangu kuhamishiwa huku, tumejenga Nzuguni. Nimekulia Lushoto, pale kwetu mama alikuwa na haidranja za bluu pembeni ya baraza, mpaka leo nikifumba macho naziona. Nimejaribu kuzileta huku mara tatu, nimezibeba mapajani kwenye basi, zote zimekauka ndani ya mwezi. Jirani akaniambia nitafute plambago, nikanunua miche sita kwa vijana wa barabarani, minne imekufa, miwili ipo nyuma ya simtanki lakini ni majani tu, ua sijaona hata moja. Maji yetu ni ya mgao siku mbili kwa wiki na bado kila jioni nilikuwa naigawia ile miche ndoo moja nzima, na mbolea ya kukuzia nimeweka mara mbili. Mume wangu anasema tumwage zege pale yaishe. Bibi nisaidie, nataka kitu cha bluu mlangoni kwangu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na mwambie baba watoto zege lisubiri kwanza.

Tuanze na haidranja ili roho yako itulie, hapo hujakosea chochote. Jani la haidranja ni pana na laini, linapoteza maji kama khanga mbichi iliyoanikwa, kule Lushoto kuna ukungu na baridi ya asubuhi ya kulipoza, huku kuna jua la saa nane mchana na ule upepo wetu wa kiangazi unaopiga wiki kwa wiki, mizizi haiwezi kupandisha maji kwa kasi hiyo hata ungeimwagia pipa. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, ile bluu ya haidranja inategemea udongo wenye uchachu, udongo ukiwa mchachu mmea unaweza kunyonya alumini iliyomo ardhini na ua linakuwa bluu, uchachu usipokuwepo ua lilelile linatoka pinki. Na maji ya visima vingi vya huku kwetu yana chumvi chumvi na chokaa, angalia tu birika lako la chai lilivyo ndani. Yaani hata ungefanikiwa kuiotesha kwenye kivuli na kuilea kama mtoto mchanga, ungeishia kupata pinki. Ziache zibaki Lushoto, ukienda likizo ukae nazo pale barazani.

Plambago ni mmea wa sehemu kavu toka asili. Kwao ni Afrika Kusini, upande wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal, inaota yenyewe kwenye vichaka. Jina lake la kitaalamu ni Plumbago auriculata, hilo neno la pili maana yake ni yenye vimasikio, ukiangalia pale jani linaposhikana na tawi utaona vijisikio viwili vidogo, angalia hivyo kabla hujatoa hela maana kuna watu wanauziwa miche mingine kabisa kwa jina hilo. Mvua za Dodoma ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na zote zinakuja mara moja, kuanzia Desemba mpaka Aprili mwanzoni, baada ya hapo ni kavu miezi saba mfululizo. Plambago iliyoshika mizizi inavumilia hiyo miezi saba. Neno kubwa hapo ni iliyoshika mizizi, na ndo kwenye shida yako yote.

Nenda kachimbue mmoja wa ile iliyokufa kama bado upo, uangalie mizizi. Nina hakika karibu yote utaikuta imejizungusha kwa umbo lilelile la kiriba, kile kifuko cha plastiki ulichonunulia mche, haijatoka kwenda popote, au iko juu juu tu kama kidole kimoja ndani ya udongo. Hapo kuna mambo mawili. Kwanza kiriba, naomba sana kitolewe chote, nimeona watu wanachana chini tu na wengine wanapanda nacho hivyo hivyo wakiamini kitaoza, plastiki haiozi mwanangu. Kichane chote, kisha ile mizizi iliyojizungusha chini ikate kwa wembe au kisu kikali na uinyooshe kwa vidole, usiogope, itachipua mipya.

La pili ni hiyo ndoo ya kila jioni. Ndoo ni lita 20, ukigawia miche sita kila mmoja unapata lita tatu na kitu, hayo maji yanalowanisha udongo wa juu tu, na mizizi inafuata maji, kwa hiyo inabaki hukohuko juu ambako kesho saa nane udongo unachemka hata mguu peku haukanyagi. Ulikuwa unaifundisha mizizi yako ikae mahali penye moto. Sasa piga hesabu na mimi, ndoo moja kila siku ni lita 140 kwa wiki. Ukiipa miche sita kila mmoja ndoo nzima mara moja tu kwa wiki, taratibu mpaka izame, ni lita 120. Maji ni pungufu, na yanashuka chini mpaka kwenye ubaridi, mizizi nayo inashuka. Mimi hii hesabu nilifundishwa na mimea yenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini nilipanda fensi nzima ya plambago mwezi wa sita, katikati ya upepo, nikamwagilia kila siku kidogo kidogo kwa moyo wote, mwezi wa tisa nikang'oa vijiti vikavu mstari mzima, na vyote vilikuwa na mizizi ya juu juu.

Sasa fanya hivi. Ni Oktoba, usinunue mche hata mmoja kwa sasa, kazi ya sasa ni mashimo. Chimba futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo wa huku ukikauka ni kama tofali utahitaji sululu na mtarimbo, mpe kijana wa kazi. Ukimaliza jaza shimo maji uliyofulia au kuoshea vyombo, ulale, asubuhi ukikuta maji bado yamesimama ujue chini kuna tabaka gumu, livunje kwa mtarimbo kwanza maana mizizi itafika pale itageuka. Udongo uliotoka changanya na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza, ile ambayo ukiishika haina joto na haina harufu kali. Samadi mbichi itaunguza. Rudishia, acha juu pabaki kama sahani yenye ukingo, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa hivi, ili mvua ikija isikimbie.

Panda Desemba baada ya mvua mbili tatu za kueleweka, siyo ile ya kwanza ya kudanganya. Nafasi kati ya mche na mche ukitaka fensi ni kama sentimita 80, ukitaka kimoja kimoja cha kupendeza kiache mita moja na nusu maana kikikubali kinatanuka na kuning'inia. Kisha matandazo, huku Dodoma tuna bahati ya maganda ya karanga na mabua ya uwele, weka unene wa vidole vinne lakini yasiguse shina, acha kiganja kizima peupe kuzunguka shina kwa sababu ya mchwa. Nasema hili kwa mkazo maana mchwa wakishazoea kuja kula mabua wanahamia kwenye gome la mche mchanga na utaukuta umesimama lakini umeshakufa.

Mwezi wa kwanza, siku ambazo mvua haijanyesha, nusu ndoo kila baada ya siku tatu. Mvua zikiisha Aprili, ndoo moja kwa wiki kwa kila mche, na ukiweza toboa dumu la lita 20 kwa sindano ya moto chini kabisa, liweke pembeni ya shina lidondoke lenyewe usiku kucha, maji yanazama yote. Maji ya kusuuzia nguo ni sawa, yale ya povu la kwanza na yenye jiki usiweke. Ukifika mwaka wa pili unaweza kwenda ndoo moja kila wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi, na hata ukikosa kabisa haitakufa, itapunguza majani na kuacha kutoa maua mpaka mvua zirudi.

Kuhusu ile miwili ya nyuma ya simtanki. Pale kuna kivuli, plambago inataka jua la masaa sita na zaidi kwa siku ili itoe maua ya kutosha. Na mbolea ya kukuzia hiyo ndo imemaliza kabisa, ile ni ya majani, ni nzuri kwenye mahindi na mchicha, kwenye ua unapata majani manene ya kijani na basi. Acha. Januari ardhi ikiwa imelowa ing'oe na bonge la udongo, ikate ibaki nusu, ipande mbele. Na hapa kuna siri ambayo watu wanaionea huruma, plambago inatoa maua kwenye matawi mapya tu, tawi la mwaka jana halitoi ua tena. Kwa hiyo kila mwaka mwishoni mwa Novemba, kabla mvua hazijaingia, mche ukishakuwa mkubwa unaukata mpaka usawa wa goti. Utauonea uchungu, majirani watasema umeua mti, Januari na Februari uje uniambie.

Rangi yake nikwambie mapema usije ukasikitika, siyo bluu ya wino, ni samawati, rangi ya mbingu saa nne asubuhi. Ukitaka iliyokolea zaidi uliza kama wana aina inayoitwa Royal Cape. Na watoto wako watalipenda, kile kikombe cha kijani kinachoshika ua kina vinyweleo vinavyonata, kwa hiyo ukilibandika kwenye ndewe la sikio linakaa kama hereni. Mabinti zangu wote walienda shule na hereni hizo na kurudi nazo.

SWALI: Habari yako Bibi Shamba, niko Voi, Kenya. Plambago yangu ni ya miaka minne, imejaa geti lote. Juzi nimegeuza majani nikapata chini yake kuna unga mweupe, kama mtu amenyunyiza chokaa, kila jani. Nilienda agroveti wakaniuzia dawa, nimespreyi mara tatu na unga bado uko. Je, ni ugonjwa gani huu na nitumie dawa gani kali zaidi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na shukrani kwa kuuliza kabla hujanunua ile kali zaidi. Plambago yako haina ugonjwa.

Majani ya plambago yana vitundu vidogo sana chini yake vinavyotoa chumvi na chokaa ambayo mmea umeinyonya pamoja na maji ukawa hauihitaji. Maji yanakauka, chokaa inabaki, inaonekana unga mweupe au vigamba vidogo vidogo. Ndo mmea unavyojisafisha, hasa sehemu ambazo maji ni mazito kama huko kwenu na huku kwetu. Hakuna dawa ya kuuondoa kwa sababu kesho utatoka mwingine, na ile miaka yote minne ulikuwepo, ni vile hujawahi kugeuza jani.

Kuhakikisha, lowanisha kidole usugue. Ukisikia punje kavu kama chumvi ya mezani ni hiyo chokaa. Ukiona kinapondeka na kutoa maji ya kunata, kimejikusanya kwenye makutano ya jani na tawi kama vipande vya pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka, hao kweli ni wadudu, na hata hao sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, unapuliza jioni, unarudia baada ya siku tano, inatosha.

Naumia kidogo na hizo spreyi tatu kwa sababu moja. Kuna kipepeo mdogo wa rangi ya bluu ya kijivu, saizi ya kucha ya kidole gumba, ana michirizi ya kahawia chini ya mabawa, huyo hutaga kwenye vichipukizi vya maua ya plambago na viwavi wake wanakula maua machache humo humo. Hana hasara ya kuhesabika. Ukipiga dawa ya wadudu anaenda yeye na nyuki wote wa geti lako. Kaa miezi miwili bila kupuliza kitu, watarudi, saa tatu asubuhi jua likiwa halijawa kali utawaona wanazunguka.

SWALI: Assalaam alaykum Bibi. Sisi tuko Maskati, Oman, joto la mwezi wa sita linafika digrii 45 na kupita. Mume wangu kaletewa plambago mbili kaziweka ukutani upande wa magharibi. Zitaishi?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Upande wa magharibi ndipo pabaya kuliko pote, ukuta unakula jua mchana kutwa halafu unalitema usiku kucha. Zihamishie mashariki, zipate jua la asubuhi mpaka saa sita, mchana zikae kivulini. Huko kwenu panda Oktoba au Novemba joto likishuka, zipate majira yote ya baridi ya kushika mizizi kabla ya Mei. Na huko nisikudanganye, kiangazi chenu siyo cha kuziacha zijitegemee kama huku, paipu ya matone iwepo, maji yazame usiku, mara mbili au tatu kwa wiki kwenye ile miezi mikali. Majani yakikunjamana saa saba mchana usikimbilie ndoo, angalia jioni, yakijinyoosha yenyewe hayana shida.

SWALI: Shikamoo Bibi, niko Singida, nina kituo kidogo cha kulelea watoto na nilitaka fensi ya maua ya bluu. Kuna aliyeniambia plambago ni sumu, kuna mwingine akasema duranta ndo nzuri. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Plambago ina utomvu, zaidi kwenye mizizi, wenye kitu kinachowasha ngozi, mtu akiukata bila glovu anaweza kupata mwasho na wengine malengelenge. Ua lenyewe watoto wanabandika masikioni vizazi na vizazi, ila ukiwa na mtoto wa ngozi laini sana mwangalie, na siku ya kupogoa watoto wawe ndani na yeye anayekata avae mikono mirefu. Kutafuna wasitafune.

Duranta kwa watoto wadogo hapana. Maua yake ni mazuri kweli, bluu ya zambarau, inavumilia ukame vizuri, lakini inazaa vitunda vya njano vinavyoning'inia kama shanga, na vile vitunda ni sumu mtoto akivila. Kwa mtoto wa miaka miwili kitu cha njano cha mviringo ni pipi. Kama tayari unayo ikate kabla haijazaa, kila mara, na kama bado usipande.

SWALI: Bibi Shamba salama? Mimi ni kijana wa Kondoa. Kule shambani kwa babu porini kuna kichaka kinatoa maua kama vipepeo, mabawa manne ya samawati na moja la chini bluu iliyokolea, na vinyuzi virefu vimejikunja kama sharubu. Hakimwagiliwi na mtu. Kinaitwaje na naweza kukipanda nyumbani?

JIBU: Salama mjukuu wangu, na umenifurahisha kwa ulivyokiangalia vizuri mpaka ukahesabu. Kwa maelezo hayo hicho ni Rotheca myricoides, zamani vitabu vilikiita Clerodendrum, na ni cha kwetu kabisa, kinaota chenyewe kwenye vichaka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wazungu wanakinunua kwenye vyungu na wanakilea ndani ya nyumba za vioo kwa sababu ya baridi, sisi tunakifyeka kupata nafasi ya mahindi. Huwa nikiona hivyo nasikitika sana.

Unaweza kukipanda, ndiyo, ila usikichimbue. Wazee wengi wanatumia mizizi ya hiki kichaka kwa dawa na kinazidi kuchimbwa, muulize babu kwanza. Chukua vipandikizi, tawi ambalo siyo changa la kijani kabisa wala siyo gumu la kahawia, lile la katikati, urefu wa kiganja na vidole, kata chini kidogo ya pingili, ondoa majani ya chini bakiza mawili juu nayo uyakate nusu. Chomeka kwenye kiriba chenye mchanga wa mtoni nusu na udongo wa msituni nusu, mwagilia, funika na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, weka chini ya mti penye kivuli. Chomeka kumi hata kama unataka viwili. Ukivivuta taratibu baada ya wiki sita vikagoma kutoka, vimeshika. Plambago nayo inazalishwa hivyohivyo, kwa hiyo yule mama wa Nzuguni anaweza kukata kwenye ile miwili yake asinunue tena.

Cha kwangu kiko nyuma ya jiko, nilikitoa kwenye shamba lililokuwa linafyekwa, kinapata maji ya kuoshea mchele tu. Ukivipata vikishika nipigie picha ulete.